Feni ya Hita na Kiyoyozi Kwenye Minivani: Kwa Nini Rezista Mpya Huungua Tena

Katika minivani ya kawaida, mota ya feni iliyofichwa chini ya dashibodi upande wa abiria wa mbele ndiyo inayosukuma hewa ya hita na hewa ya kiyoyozi pia. Hewa hupita kwanza kwenye evaporeta, ambako hupozwa na kukaushwa kiyoyozi kinapokuwa kimewashwa, kisha huelekezwa kwenye rediata ndogo ya hita au hukwepeshwa pembeni yake, ndipo ikatokea kwenye matundu ya kioo, ya kifuani au ya miguuni. Kwa sababu hiyo, dereva anayelalamika kwamba hita na kiyoyozi vimekufa siku moja kwa kawaida hana hitilafu mbili. Anayo moja tu, nayo ni kwamba hewa haisukumwi.

Jambo hili linafaa kuthibitishwa kabla ya kushika spana. Ikiwa upepo unatoka kwa nguvu lakini hauna joto, sababu itafutwe kwenye maji ya rediata yaliyopungua, kwenye thamostati iliyokwama ikiwa wazi, kwenye rediata ya hita iliyoziba au kwenye kilango kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi; na ikiwa upepo ni wa nguvu lakini haupoi, sababu itafutwe upande wa gesi na kompresa. Hayo ni masuala mengine, na makala hii haitayagusa. Upo, hata hivyo, mtego mmoja unaounganisha pande zote mbili. Katika magari mengi kompresa hairuhusiwi kuwaka mpaka swichi ya feni iwe imewashwa, kwa kuwa evaporeta isiyopitiwa na hewa huganda barafu. Feni ikifa kwa hitilafu iliyo kwenye swichi hiyo, kompresa nayo hugoma kushika, na mwenye gari asiyelijua hilo anaweza kwenda kujaziwa gesi ambayo haikupungua hata kidogo.

Njia ya umeme, na joto lililomo ndani yake

Umeme wa feni hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi kubwa ambayo mara nyingi ni ya ampea 30 au 40, kisha kwenye rilei (swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme), ndipo ukafika kwenye mota. Kutoka hapo, katika magari mengi yenye swichi ya kasi ya kuzungushwa kwa mkono, mkondo hupitia rezista, ukaingia kwenye swichi, na kuishia kwenye waya wa hasi uliofungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Yapo magari ambamo mpangilio huu umegeuzwa na kasi hudhibitiwa upande wa chanya, kwa hiyo mchoro wa umeme wa gari lenyewe una thamani kuliko kumbukumbu ya fundi yeyote.

Rezista ndiyo inayozaa kasi za chini. Ni kibao kidogo chenye nyaya za mzingo au vipande vya kauri, na kazi yake ni kuukinza mkondo ili mota ipate volti chache zaidi. Swichi ikiwa kwenye kasi ya kwanza, mkondo hupitia vipande vyote kwa mfuatano; kwenye kasi ya pili hukiruka kimoja; na kwenye kasi ya juu kabisa huikwepa rezista yote, mara nyingi kwa msaada wa rilei ya pili. Volti zinazozuiliwa hapo hazipotei hewani, bali hugeuka joto. Tuseme mota inavuta ampea 5 kwenye kasi ya chini, na kati ya volti 14 zinazotoka kwenye alteneta, 9 zinaishia kwenye rezista: kibao hicho kitakuwa kinatoa wati 45 za joto, ambazo zinatosha kuendesha pasi ya kulehemea nyaya. Ndiyo maana wahandisi huiweka rezista ndani ya mkondo wa hewa, ili feni inayoihudumia iipoze, na huongezea kwenye kibao hicho fyuzi ya joto inayokatika moja kwa moja pale kibao kinapopata moto kupita kiasi. Fyuzi hiyo ikishakatika hairudi.

Kutokana na mpangilio huu, kasi ambazo feni imebaki nazo hueleza mengi hata kabla ya kipimo chochote. Feni inayofanya kazi kwenye kasi ya juu peke yake inaashiria rezista iliyoungua au soketi yake, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee isiyopitia hapo. Feni iliyo na kasi zote isipokuwa ya juu inaelekeza kwenye rilei ya kasi ya juu au kwenye mguso wa swichi. Ikikosekana kasi moja ya katikati, kipande kimoja cha rezista kimekatika au swichi imechoka mahali hapo. Feni isiyozunguka kabisa ina orodha ndefu zaidi ya washukiwa: fyuzi, rilei, mota, swichi, waya wa hasi. Na ile inayoendelea kuzunguka hata baada ya ufunguo kutolewa ina rilei iliyoshikana midomo yake au, kwenye magari yenye udhibiti wa kielektroniki, moduli iliyoharibika ndani. Hiyo ya mwisho isisubiri, kwani betri haitamaliza usiku.

Rezista haiungui bila sababu

Hapa ndipo kazi nyingi za feni zinapoharibika. Fundi hukuta feni inafanya kazi kwenye kasi ya juu tu, hubadilisha rezista, kasi zote hurudi, na gari huondoka. Baada ya muda mfupi linarudi na dalili zile zile, na lawama huangukia kipuri. Ni kweli vipuri hafifu vipo, lakini rezista ni kifaa kisicho na sehemu inayosogea, na mara nyingi kuungua kwake ni matokeo ya jambo lililo mahali pengine. Asiyeuliza ni nini kilichoiunguza atainunua tena.

Mshukiwa wa kwanza ni mota yenyewe. Mota ya umeme inapozunguka huzalisha volti zake za ndani zinazopingana na zile inazopokea, na upinzani huo ndio unaozuia mkondo usiwe mkubwa. Bushi zinazoshikilia shafti zikikauka au kutu ikiingia kwenye shafti hiyo, mota huzunguka polepole, upinzani wa ndani hupungua, na mkondo hupanda. Mota nzima ya minivani kwa kawaida huvuta takribani ampea 15 hadi 25 kwenye kasi ya juu. Iliyochoka huvuta zaidi, na iliyokwama kabisa huvuta hadi fyuzi ikatike au kitu kingine kiungue kabla yake. Kwenye kasi za chini mkondo huo wa ziada wote hupita ndani ya rezista, na kwa kuwa joto huongezeka kwa mraba wa mkondo, mkondo ukizidi kwa asilimia 40 joto hukaribia kuwa maradufu. Tena feni inayojikokota haitoi hewa ya kutosha kuipoza rezista hiyo. Kipuri kinashambuliwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja.

Mshukiwa wa pili ni chujio la hewa ya ndani lililojaa vumbi, au majani yaliyorundikana kwenye mdomo wa hewa ulio chini ya kioo cha mbele. Wengi huamini kwamba chujio lililoziba huilazimisha mota kuvuta umeme mwingi zaidi. Kwa feni ya aina hii, iliyoundwa kama ngoma yenye mapezi mengi, hali ni kinyume: hewa ikizuiliwa, mapezi hayana cha kusukuma, mota hupata nafuu, huzunguka kwa kasi zaidi, na mkondo hushuka. Ndiyo sababu gari lenye chujio lililoziba hutoa mlio mkali wa feni huku upepo ukiwa haba. Madhara kwa rezista hayatokani na mkondo kuongezeka, yanatokana na kukosa hewa ya kuipoza.

Mshukiwa wa tatu ndiye asiyetazamwa, naye ni soketi. Pini ya plagi ikilegea au kuota kutu, mguso wake hupata ukinzani. Ukinzani wa omu 0.1 unaonekana si kitu, lakini ampea 20 zikipita hapo hupotea volti 2 na huzaliwa wati 40 ndani ya kipande cha plastiki kisicho na chochote cha kukipoza. Plastiki hulainika, pini hulegea zaidi, ukinzani hupanda, joto huongezeka tena. Soketi iliyoanza kubadilika rangi na kuwa ya kahawia au nyeusi haiponi kwa kusafishwa, kwa sababu chuma cha pini kimeshapoteza ukakamavu wake wa kubana. Kuchomeka rezista mpya kwenye soketi ya namna hiyo ni kununua muda tu.

Kupima kabla ya kununua

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Washa feni, kisha gonga kwa mpini wa bisibisi kwenye ganda la mota: ikishtuka na kuanza kuzunguka, makaa yake, yaani vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, yamekwisha na mota inahitaji kubadilishwa hata kama sasa inafanya kazi. Mlio wa kukwaruza ni wa bushi, na mtetemo wa kugonga-gonga mara nyingi ni jani au kipande cha karatasi kilichoingia kwenye mapezi.

Kwa feni iliyokufa kabisa, anza na fyuzi, lakini usiridhike kwa kuitazama. Iguse pande zake zote mbili kwa taa ya kupimia ikiwa mahali pake na ufunguo umewashwa. Ufa mwembamba kwenye fyuzi hauonekani kwa macho. Rilei inaweza kuhakikiwa kwa kubadilishana na nyingine inayofanana nayo kabisa kwenye kisanduku hicho hicho. Ikiwa fyuzi imekatika, weka nyingine ya ampea zile zile mara moja tu, na ikikatika tena acha kubadilisha, utafute kwanza kilichoikata. Fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya kilichopachikwa mahali pake, humaanisha kwamba kitakachoungua sasa ni waya uliopita nyuma ya dashibodi.

Baada ya hapo kipimo chenye kufichua zaidi hufanywa kwenye plagi ya mota, ikiwa imechomekwa, ufunguo umewashwa na swichi ya feni imewekwa kwenye kasi mojawapo. Katika gari ambalo kasi hudhibitiwa upande wa hasi, pima kila waya kati ya ile miwili ukilinganisha na bodi ya gari. Ukipata volti 12 kwenye waya wa kwanza na takribani sifuri kwenye wa pili, huku swichi ikiwa kwenye kasi ya juu na mota haizunguki, mota imekatika ndani, mradi njia ya hasi imethibitishwa kuwa nzima. Ukipata 12 kwenye waya zote mbili, mota inapitisha umeme lakini umeme huo hauna pa kutokea, kwa hiyo tatizo liko mbele yake: rezista, swichi au bolti ya waya wa hasi. Ukipata sifuri kote, rudi nyuma kwenye rilei na fyuzi. Vipimo hivi vichache humwondolea mtu gharama ya kununua mota, rezista na swichi kwa pamoja akitumaini kimojawapo kitakuwa jibu.

Tahadhari inahitajika katika kusoma multimita, yaani mita ya kupimia volti na omu. Chombo hiki huvuta mkondo mdogo mno, na kwa sababu hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima au pini iliyoungua bado vitaonyesha volti 12 kamili pale ambapo mota imechomolewa. Umeme upimwe ukiwa kazini. Weka feni kwenye kasi ya juu, unganisha ncha moja ya multimita na nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye waya chanya wa mota: kinachoonekana ni volti zinazopotea njiani, na zikizidi nusu volti hivi, kuna mguso mbaya kati ya sehemu hizo mbili. Rudia upande wa hasi, ambako upotevu unapaswa kuwa mdogo zaidi. Kipimo hiki kifanywe kwenye kasi ya juu peke yake, kwani kwenye kasi za chini rezista yenyewe itahesabiwa kama hasara na kukupotosha.

Mkondo wa mota hupimwa kwa mita ya kubana waya yenye uwezo wa kusoma umeme wa betri. Vyombo vya bei nafuu vya aina hii husoma umeme wa nyumbani tu, jambo ambalo hugunduliwa na wengi baada ya kununua. Linganisha usomaji na ukubwa wa fyuzi: mota inayovuta karibu na kikomo cha fyuzi yake iko ukingoni, hata kama inazunguka kimya.

Magari yenye kiyoyozi cha kujiendesha chenyewe hayana rezista ya ngazi. Mahali pake pana moduli ya kielektroniki inayokata na kuunganisha umeme mara nyingi kwa sekunde, au inayoupunguza kwa transista kubwa iliyobandikwa kwenye bamba la kupozea. Moduli haipimwi kwa omu. Hakikisha inapata chanya na hasi, hakikisha ishara kutoka kwenye paneli inaifikia, kisha jaribu mota peke yake kwa umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia waya wenye fyuzi. Mota ikizunguka vizuri na ishara ikawepo, moduli ndiyo mbovu. Kanuni ya awali inabaki pale pale: moduli nyingi hufa kwa sababu ya mota inayovuta mkondo kupita kiasi, na busara ni kupima mota kabla ya kuikabidhi moduli mpya.

Kufungua na kufunga

Tenganisha waya wa hasi wa betri na usubiri kwa muda unaotajwa kwenye kitabu cha gari, kwa kuwa mfuko wa hewa wa abiria uko karibu na hapo na mfumo wake hubaki na chaji kwa muda. Plagi za njano ni za mfumo huo, na hazipaswi kuguswa kwa taa ya kupimia. Kazi ya mota na rezista haihitaji kufungua mabomba ya gesi wala ya maji ya rediata, isipokuwa katika magari machache yenye mpangilio mgumu. Ukijikuta unataka kulegeza bomba la gesi, simama, maana kuiachia gesi hiyo ni hatari kwa macho na ngozi, na kuitoa hewani kumekatazwa katika nchi nyingi.

Droo ya dashibodi ikishatolewa, mota huonekana kama duara pana lililofungwa kwa skrubu chache, na rezista huwa pembeni yake kwenye njia ya hewa. Chomoa kijimpira chembamba kinachopeleka hewa ya kupozea kwenye mota, kama kipo, na usikisahau wakati wa kurudisha. Mota ikitoka, chunguza chini yake. Kutu au alama za maji huonyesha kwamba bomba la kutolea maji ya evaporeta limeziba na maji yamekuwa yakirudi ndani, au kwamba mvua inaingia kwenye mdomo wa hewa. Maji meupe yasiyo na harufu ni ya kiyoyozi. Yenye utelezi na harufu ya utamutamu, yanayoambatana na kioo kuingia ukungu wa mafuta, yanatoka kwenye rediata ya hita. Kufunga mota mpya bila kuzuia maji hayo ni kurudia kazi.

Soketi iliyoungua ikatwe na kubadilishwa pamoja na kipande cha nyaya zake, zenye unene ule ule au zaidi. Kata na unganisha waya mmoja mmoja, si yote kwa pamoja, kwa kuwa rangi za kipande kipya mara nyingi hazifanani na za gari. Ukikuta sehemu ya waya wa zamani imekuwa nyeusi na ngumu, rudi nyuma hadi kwenye shaba inayong'aa. Viungio vya kubana vyenye ganda la kusinyaa kwa joto vinafaa. Kusokota waya na kuuzungushia utepe hakufai, kwani hapo ndipo ukinzani mwingine unapozaliwa.

Feni ya nyuma

Minivani nyingi zina kitengo cha pili kwa ajili ya abiria wa nyuma, ambacho kwa kawaida hukaa nyuma ya paneli ya ubavuni karibu na gurudumu la nyuma, na kina mota, rezista au moduli, na mara nyingi fyuzi yake pekee. Kinapokufa, jambo la kwanza ni kuangalia swichi ya mbele, kwa kuwa katika magari mengi dereva ndiye anayeruhusu udhibiti wa nyuma, na kitufe kilichobonyezwa kwa bahati mbaya kimewafanya watu wafungue paneli nzima bure. Baada ya hapo vipimo ni vile vile vya mbele, ila waya ni mrefu zaidi na upotevu wa volti hutarajiwa kuwa mkubwa kidogo. Bolti ya hasi ya kitengo hiki, iliyo kwenye bati la ubavuni ambako unyevu hukusanyika, inastahili kufunguliwa na kusuguliwa hata kabla ya kupima kingine. Kutoa paneli hiyo mara nyingi hulazimu kufungua nanga ya mkanda wa usalama, nayo irudishwe kwa nguvu ya kukaza iliyotajwa kwenye kitabu cha gari.

Iwe ni mbele au nyuma, endesha feni kwenye kasi ya chini kwa nusu saa baada ya kufunga, kisha gusa soketi mpya na waya wake. Uvuguvugu unakubalika. Soketi usiyoweza kuishika inaonyesha kwamba mkondo bado ni mkubwa au mguso bado ni mbaya, na ni afadhali droo ya dashibodi itolewe tena siku hiyo hiyo.